Kwa Nini Rejeta Zetu Zimeinama

Sikilizeni kwanza, ninyi mnaoshika zamu katika chumba cha boila baada yangu. Sakafu ya ghorofa ya pili itang'olewa kabla ya baridi kuingia, na mafundi watakaoweka vigae vipya watazitoa rejeta, yale matangi ya chuma yenye mbavu yanayopasha vyumba moto, na kuzirudisha. Mtazikuta zimesimama vizuri kuliko zilivyokuwa. Hapo ndipo shida itakapoanzia, na mimi nitakuwa nyumbani Bertrams nakunywa chai. Ndiyo maana naandika.

Vyeo na mishahara sitavieleza. Vyeo vilikuwa viwili na vyote vilikuwa na kazi ileile. Nitaeleza mvuke, kwa sababu mvuke ndio uliolipasha moto jengo hili miaka yote niliyokaa, na ndio ninyi mtakaoamka nao.

Nilianza katika nyumba hii ya wazee nikiwa mfua mashuka. Nilitoka Tanga na koti moja, nililolinunua kwa ajili ya baridi ya Johannesburg, na baridi ya Johannesburg ikalicheka. Ndugu zangu wa Tanga mpaka leo hawaamini ninapowaambia maji ya ndoo huganda hapa. Ni baridi kavu. Mchana jua linawaka na unajiona mjinga kwa kuvaa sweta. Jua likizama tu, matofali yanapoteza joto lote, na chumba kinakuwa kama kisima. Kijana atavaa kofia na kulala. Mzee aliyepita miaka themanini hawezi kujitengenezea joto la kumtosha, lazima aletewe.

Chini ya chumba cha kufulia kulikuwa na boila, pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, na pembeni ya boila alikuwepo Baba Mthembu. Alikuwa Mzulu mwenye mabega mapana, asiyependa kuulizwa maswali mawili kwa mpigo. Mashine zetu za kupigia pasi zilitumia mvuke wake, kwa hiyo siku moja nilishuka ngazi nikamuuliza mabomba yale mengine yanaelekea wapi. Akasema wafuaji wote waliomshukia kabla yangu walikuja kumuuliza kama wanaweza kuchoma mahindi. Wiki iliyofuata nilihamia chini.

Tulizungumza Kiingereza cha kuungaunga na Kizulu nilichokuwa naokota njiani. Hapa nayaandika yote kwa Kiswahili.

"Unaogopa nini humu ndani?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Moto, Baba."

"Moto ni mtoto wa nyumbani. Ukimpa anakula, ukimnyima analala. Mimi naogopa pale." Akanyoosha kidole kwenye kioo chembamba kilichosimama ubavuni mwa boila, maji yakionekana ndani yake mpaka katikati. "Maji yakiisha mle na moto unawaka, chuma kitapasuka na sisi hatutapata nafasi ya kulaumiana. Siku utakayoingia hapa ukatazama kitu kingine kabla ya kile kioo, panda ngazi urudi kwenye mashuka yako."

Mpaka leo, nikiingia chumba chochote chenye boila, hata cha watu, jicho langu linatafuta kioo kabla mdomo haujasalimia. Watu wengine wameniona sina adabu kwa sababu hiyo.

Somo la pili alinipa jikoni, na mpishi hakufurahi. Alichukua sahani ya bati, kavu na ya baridi, akaishika kwa koleo juu ya mdomo wa birika lililokuwa linachemka. Mara sahani ikatoka jasho, kisha matone yakaanza kudondoka.

"Mvuke umekwenda wapi?"

"Umegeuka maji, Baba."

"Na moto uliokuwa ndani yake umekwenda wapi?"

Nikaigusa sahani, nikapata jibu kwenye ncha ya kidole. Mpishi akanipa maji ya bomba bila kuombwa. Nafikiri haikuwa mara yake ya kwanza kuliona somo lile.

Nawaeleza kama nilivyolielewa baadaye. Weka sufuria ya maji jikoni. Yatazidi kupata moto mpaka yachemke, na yakishachemka hayazidi tena. Unaweza kuongeza kuni utakavyo, maji yaliyo ndani ya sufuria yatabaki na joto lilelile la kuchemka. Basi ule moto unaouongeza unakwenda wapi? Unabebwa. Kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na mzigo mkubwa wa joto, mkubwa kuliko ule uliolifikisha tone hilo kwenye kuchemka. Mzigo huo hauonekani. Mvuke hauuachii mpaka ukutane na kitu cha baridi. Hapo unautua wote kwa mara moja na kuwa maji tena. Ndiyo sababu mama zetu walitukataza kufunua sufuria ya wali uso ukiwa karibu. Mvuke unaunguza vibaya kuliko maji ya moto kwa kuwa unautua mzigo wake usoni mwako.

Baba Mthembu alipenda kuuita mvuke mchukuzi. Boila inampakia mzigo huku chini. Anapanda bombani, anaingia ndani ya rejeta, anakuta chuma cha baridi, anatua. Chuma kinapata moto, hewa iliyo karibu nacho inapata moto na kupanda juu, ya baridi inajisogeza sakafuni kuchukua nafasi yake, na hivyo hewa ya chumba kizima inazunguka taratibu. Aliyekaa mbele ya rejeta anapata joto jingine vilevile, lile linalopiga ngozi moja kwa moja kama jua la asubuhi. Kwa hiyo msiache kabati lisogezwe mbele ya rejeta, na blanketi likianikwa juu yake, litoeni kwa upole. Mwenye blanketi atawatukana. Mkubali kutukanwa.

Sasa mchukuzi ametua. Afanye nini? Ashuke. Hili ndilo watu husahau. Katika majengo mengine kuna bomba la kupandia na bomba la kushukia. Jengo letu lina bomba moja tu kwa kila rejeta. Mvuke unapanda humo, na maji yanarudi humohumo yakitambaa chini ya mvuke. Ni ngazi moja nyembamba, wanaopanda na wanaoshuka wakipishana. Wakipishana kwa adabu hakuna kelele. Wakigongana, utasikia bomba linapigwa nyundo ambayo hakuna aliyeishika.

Ndiyo sababu pia valvu ya rejeta zetu, kile kilango bomba linapoingilia, haina nusu. Ifunguliwe yote au ifungwe yote. Ukiiacha nusu umeziba mlango kwa mguu. Wanaoingia wanabanwa na wanaotoka wanabanwa.

Na kuna hewa. Rejeta iliyopoa imejaa hewa, na mchukuzi hawezi kuingia chumba kilichojaa watu. Upande wa mbali na valvu, kwenye ubavu wa mwisho, kuna kikopo kidogo cha shaba. Sisi tulikiita kipumulio. Mvuke unapoingia, hewa inatokea hapo ikipuliza polepole, na mvuke ukikifikia kinajifunga kwa mlio mdogo, tik. Mlio huo ulikuwa muziki wangu wa asubuhi. Mke wangu anasema nina masikio ya ajabu.

Vifaa vya Baba Mthembu vilikuwa vichache. Spana ndefu ya mabomba ambayo mpini wake ameuzungushia tyubu ya baiskeli, taa, na kipande cha mpini wa ufagio. Cha mwisho ndicho alichokipenda kuliko vyote. Ncha moja kwenye bomba, ncha nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, na alikuwa anaweza kukuambia maji yamekaa wapi. Mpini huo upo kwenye droo ya chini. Msiupe wafagizi.

Ile spana nayo ina habari yake. Wiki ile fujo za kufukuza wageni zilipoanzia kitongoji cha Alexandra, Baba Mthembu alikuwa ananisindikiza kila jioni mpaka kituo cha teksi, spana begani. Watu walimuuliza anakwenda nayo wapi. Alijibu anaipeleka kunolewa. Spana hainolewi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Alipostaafu akarudi kwao KwaZulu-Natal, aliniachia chumba, droo, na onyo moja: "Bakari, kupandisha mvuke kila mtu anaweza. Wewe kazi yako ni kuyarudisha maji." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nililielewa vizuri mwaka uliofuata, ghorofa ya tatu.

Mwaka huo sakafu ya ghorofa ya tatu ilibadilishwa. Zulia la plastiki lilitolewa na vigae vikawekwa na fundi Ilunga, Mkongomani wa Lubumbashi aliyekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Mimi wakati huo nilikuwa chini, boila imefunguliwa tumbo kwa ajili ya ukaguzi, sikupanda juu. Na ilikuwa kazi nzuri. Mistari ya vigae ilikwenda kutoka mlango hadi dirisha bila kupinda hata kwa unywele. Wazee walikuwa wanapita koridoni wakivua viatu, kana kwamba wameingia msikitini.

Baridi ikaja. Niliwasha, mvuke ukapanda, ghorofa ya kwanza ikapata joto, ya pili ikapata joto, ya tatu ikaanza kupiga kelele. Kila chumba kiligonga kwa wakati wake. Na rejeta zenyewe zilikuwa na ubavu mmoja au mbavu mbili za moto karibu na valvu. Nyingine zote baridi kama kaburi.

Aliyeniita kwanza alikuwa Gogo Zodwa wa chumba cha pembeni. Gogo ni bibi kwa Kizulu, na mimi aliniita ndodana, mwanangu wa kiume.

"Ndodana," alisema, "rejeta yako inapiga ngoma. Mimi miguu yangu imekwisha, siwezi tena kucheza."

"Nitaitengeneza, Gogo."

"Na ikiwa lazima ipige, basi ipashe moto kidogo. Hata mpiga ngoma wa harusi anakuletea jasho."

Lazima niwaambie habari ya Gogo Zodwa, maana ndiyo habari yenyewe. Mume wake alikuwa ghorofa ya chini, wodi ya wagonjwa. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja na maneno yote. Manesi walijaribu kumlisha akafumba mdomo. Alikula kwa mkono wa mke wake tu. Kwa hiyo kila asubuhi Gogo alishuka na bakuli la uji lililofunikwa sahani, akakaa ukingoni mwa kitanda, na mzee akafungua mdomo.

Sista Maseko, msimamizi wa nyumba, aliniita ofisini mwanzoni mwa wiki. Alikuwa mwanamke wa haki na hakupenda kuzunguka.

"Bwana Bakari, kamati inakaa Ijumaa. Kama ghorofa ya tatu haina joto, tunaifunga mpaka baridi iishe. Wazee watapelekwa nyumba nyingine, ng'ambo ya mji. Tayari wawili wanakohoa."

"Hita za umeme, Sista?"

"Tulijaribu jana. Nyaya za jengo hili ni za zamani, ghorofa nzima ilizimika. Na umeme wa mji ukikatwa, jenereta inatosha chumba chako na wodi tu."

"Na Gogo Zodwa?"

Akaitazama kalamu yake. "Wodi haihamishiki, na kule hawana kitanda cha mgonjwa. Nitamwambia mwenyewe. Sijui nitamwambiaje."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Kama maji yasingeshuka, bibi angeondoka, na mzee chini angefumba mdomo.

Nilifuata hatua kama nilivyofundishwa, na ninyi mtafuata hizohizo. Kioo cha maji: sawa. Geji ya presha: chini, kama inavyotakiwa. Watu wengi wakiona rejeta ya baridi wanakimbilia kuongeza presha. Msifanye hivyo. Mvuke wa kupasha nyumba unatakiwa kuwa mpole. Ukiusukuma unakimbia, na ukikimbia unayaokota maji njiani na kuyarusha. Presha ingezidisha nyundo tu.

Kisha vipumulio. Nilifungua cha Gogo Zodwa, nikaweka kipya. Hakikupuliza. Kilitema maji kidogo juu ya kiatu changu, kisha kikanyamaza. Nilichukua mpini wa ufagio, nikauweka kwenye rejeta na nyuma ya sikio. Ndani yalikuwepo maji, yakicheza. Hewa haitoki, mvuke hauingii, kwa sababu tumbo la rejeta limejaa maji ya jana. Wachukuzi walikuwa wametua mizigo na kukaa chini.

Niliyafuata mabomba ya ghorofa yote kutafuta mahali yaliposhuka na kufanya tumbo. Yalikuwa sawa. Nilikuwa bado nimepiga magoti chini ya dirisha la Gogo Zodwa wakati Ilunga alipoingia na ndoo yake, kuziba kona moja aliyoiacha.

"Papa Bakari, unatafuta nini chini ya rejeta yangu?"

"Yako tangu lini?"

"Tangu nilipoinyoosha." Akachomoa pima maji kwenye mkoba. Wao Wakongomani huiita nivo. Akaiweka juu ya rejeta, akanivuta shati nitazame. Kile kiputo cha hewa kilikuwa kimekaa katikati ya mistari miwili, kimetulia kama kuku anayeatamia. "Unaona? Nivo yangu haidanganyake mutu. Zote za hii ghorofa ziko vile. Nilikuta zimepinda kama batu ba kulewa."

"Ulizikuta zimepinda upande gani?"

"Zote upande wa valvu. Na chini ya miguu ya mbali, bibao. Bibao bidogo bidogo, bya sanduku la matunda. Mutu alikuwa anaficha kazi yake mubaya. Nilibitupa byote."

Nilikaa sakafuni, kwenye vigae vyake vizuri. Nilivikumbuka vibao. Baba Mthembu alikuwa navyo mfukoni daima, na mimi siku zote nilidhani ni vya kuwashia moto.

Mkitaka kuelewa, mimineni maji kidogo kwenye sinia lililolala sawasawa mezani. Yatakwenda wapi? Popote na hapana popote. Yatakaa. Inueni upande mmoja kwa unene wa kidole, yote yatakimbilia upande wa pili. Rejeta ya bomba moja ni sinia hilo. Mlango wa kutokea maji ni uleule wa valvu, kwa hiyo upande wa mbali lazima uwe juu kidogo. Ilunga alikuwa amezilaza zote sawasawa kama meza ya ofisi. Kwa fundi wa vigae hiyo ni heshima. Kwa maji ni gereza.

Nilimweleza hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Non, Papa. Ukiinamisha hii, mustari wa ukuta utaonyesha. Mustari wa vigae utaonyesha. Miye naishi kwa jina yangu. Kesho mutu ataingia hapa na kusema, Ilunga alikunywa."

"Na Ijumaa wataifunga ghorofa. Nani ataingia aone mstari?"

"Tafuta njia ingine. Badilisha mabomba."

Tulizungumza kwa sauti ya watu wawili ambao wote wana haki. Gogo Zodwa alikuwa kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Kiswahili hakujua, lakini ugomvi hauhitaji mkalimani.

"Mnagombania nini, ndodana?"

Nikamwambia. Akamgeukia Ilunga, ambaye Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko changu kwa kuwa ameoa Soweto.

"Wewe, mkwe wetu. Hebu simama pale kwenye mwanga. Geuka." Ilunga akageuka. "Kiatu chako kimeliwa kisigino, upande wa nje. Vyote viwili. Umeinama mwenyewe kutoka huko kwenu mpaka hapa, na bado ulipata mke."

Ilunga alitazama viatu vyake. Alijaribu kubaki na hasira akashindwa, kicheko kikamponyoka.

"Mama-mkwe wangu anasemaka vile vile," akaniambia kwa Kiswahili. Kisha akaichukua nivo yake, akaigeuza mkononi. "Uniambie kiasi. Sitainamisha kwa macho. Kama ni kuinama, zote zitainama sawa."

Hapo ndipo nilipojua kazi itakwisha.

Tulifunga valvu na kuacha chuma kipoe. Nililegeza nati kubwa ya shingo ya valvu kidogo, maana ukiinua rejeta bila kuilegeza shingo, utapasua chuma ambacho hakuna anayekitengeneza tena. Ilunga alitoa vipande vya vigae vilivyobaki, akavikata kwa kipimo cha mguu wa rejeta na kulainisha kingo kwa jiwe. Hakutaka hata kusikia habari za vibao. Nikainua upande wa mbali kwa mtaimbo, yeye akasukuma kipande chini ya kila mguu, cheupe juu ya cheupe.

Rejeta ilipoinama tulisikia maji yakikimbilia upande wa valvu.

Ilunga akaweka nivo. Kiputo kiliondoka katikati, kikaenda upande wa dirisha, mbali na valvu, kikagusa mstari. "Hapa?" Nikasema hapo. Akachora alama ndogo ya penseli kwenye kioo cha nivo yake. Nadhani ilimuuma kidogo.

Nilikaza nati, nikafungua valvu yote, taratibu, na maji yakashuka bombani kwa mlio mrefu, kama mtu anayemalizia bakuli la supu. Kipumulio kikaanza kupuliza. Tuliweka viganja kwenye mbavu: wa kwanza moto, wa pili moto, wa tatu. Ilunga aliuacha mkono wake kwenye ubavu wa mwisho na kusubiri. Gogo Zodwa alisubiri. Bomba halikugonga.

"Hii bado baridi," Ilunga alisema. Kisha akauondoa mkono haraka, akaupuliza. Kipumulio kikasema tik.

Tulifanya vyumba vyote kabla ya Ijumaa, yeye na nivo yenye alama, mimi na spana ya tyubu. Siku ya kamati Sista Maseko alipanda kabla ya wajumbe kufika. Aliingia chumba kimoja kimoja, hakuuliza maswali, na katika chumba cha mwisho alisimama na mgongo wake kwenye rejeta kwa muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Kisha akashuka. Nilisikia baadaye kwamba habari ya ghorofa ya tatu haikuzungumzwa. Mjumbe mmoja aliuliza tu mbona rejeta zinaonekana zimepinda, na Sista akamwambia ni mtindo.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi nikisikiliza bomba kuu. Gogo Zodwa alinipita na bakuli lililofunikwa sahani, akishika ukuta kwa mkono mmoja.

"Pisha, ndodana. Ngazi ni moja."

Nikapisha.

Nilimpigia simu Baba Mthembu nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema vile vibao aliviokota soko la matunda, na kwamba kigae ni bora, hakiozi. Kisha akauliza kama mpini wa ufagio bado upo.

Ilunga alifanya kazi nyingine nyingi mjini baada ya hapo, na kila alipokuta rejeta alinipigia kwanza kuuliza ina mabomba mangapi. Hilo ndilo swali. Msichukulie kwamba fundi anayekuja ghorofa ya pili atauliza. Atakuwa fundi mzuri, atakuwa na pima maji, na ataona aibu kuacha kitu kimepinda. Msimgombeze. Mpeni chai, mwonyesheni sinia la maji, na mwacheni achague mwenyewe kipande cha kuweka chini ya mguu.

Na atakapoondoka, kabla hamjapandisha mvuke, ingieni kila chumba na pima maji. Iwekeni juu ya rejeta, mtazame kiputo. Kikienda upande ulio mbali na valvu, fungueni valvu yote. Kikibaki katikati, iacheni imefungwa, legezeni nati ya shingo, na muinue miguu ya mbali kwanza.